NFS 4.2 yenye usimbaji wa Kerberos: tathmini kwa upande wa kufuli za mafaili

Kati ya njia za kushirikiana mafaili kwenye mtandao wa ofisi huku data ikisafiri kwa usimbaji fiche, ninayoipendekeza kwanza ni NFS (itifaki ya kufikia mafaili ya seva kama vile yako kwenye mashine yako) toleo la 4.2 kwenye Linux, ikiunganishwa na Kerberos, mfumo wa utambulisho unaompa kila mtumiaji tiketi ya muda, kwa kiwango cha kusimba data kinachoitwa krb5p. Tathmini hii haitazungumzia kasi yake wala kazi ya kuisakinisha. Itaangalia jambo moja tu, nalo ni namna mfumo huu unavyoshughulikia kufuli za mafaili, yaani ahadi kwamba wawili hawataandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwa sababu hapo ndipo malalamiko ya watumiaji yanapoanzia na ndipo mafundi wengi wanapochukua hatua zinazoharibu data za watu. Maoni yangu ni kwamba kufuli zake ni imara kuliko zinavyosifiwa, na kwamba usimbaji wenyewe karibu kila mara hauna hatia. Kinachovunjika ni utambulisho: nani anadai kufuli, kwa tiketi ipi, na saa ya mashine yake inasema nini. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye ujumbe wa hitilafu, ambao humpeleka fundi mahali pasipo na tatizo.

Kabla ya kuilaumu NFS, ni vyema kutenganisha mambo mawili yanayofanana machoni pa mtumiaji. LibreOffice inapofungua waraka huunda faili dogo lililofichwa, ambalo jina lake huanza kwa .~lock. na kumalizikia kwa alama ya #, na ndani yake huandika jina la aliyeufungua. Kompyuta ikizimika ghafla faili hilo hubaki, na kesho yake mfanyakazi mwingine huambiwa kwamba waraka unatumiwa na mtu ambaye hata hayupo ofisini. Hilo ni faili la kawaida, na baada ya kuhakikisha kwamba kweli hakuna aliyeufungua waraka, linaweza kufutwa. Kufuli ninazozijadili hapa ni zile ambazo programu huziomba kwa keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na keneli huzipeleka kwa seva, ili seva iwe mwamuzi pekee wa nani anaandika sehemu gani ya faili.

Jambo la kwanza la kutazama ni toleo. Amri ya “nfsstat -m” kwenye kompyuta ya mtumiaji huonyesha kila folda iliyounganishwa pamoja na toleo linalotumika, na mara nyingi chanzo hujulikana papo hapo. NFS toleo la 3, lililochapishwa mwaka 1995, halikuwa na kufuli ndani yake: kazi hiyo ilipewa itifaki ya pembeni iitwayo NLM, yenye msaidizi wake, statd, wa kukumbuka nani alishika nini iwapo mashine itazimika, na zote mbili hutumia poti (namba za milango ya mtandao) zao wenyewe mbali na poti 2049 ya NFS. Ukuta wa ulinzi wa mtandao ukiruhusu 2049 peke yake, au statd ikiwa haijawashwa, mafaili husomeka na kuandikika vizuri kabisa, lakini programu ya kwanza kuomba kufuli hujibiwa “No locks available”. Linalopaswa kumtia wasiwasi zaidi anayejali usiri ni kwamba, kwenye Linux, maombi ya NLM hayapitii Kerberos hata kama folda yenyewe imeunganishwa kwa krb5p. Yaliyomo kwenye faili husafiri yakiwa yamesimbwa, ilhali maombi ya kufuli husafiri wazi. Toleo la 4 liliingiza kufuli ndani ya itifaki yenyewe, kwenye muunganisho uleule na poti ileile, hivyo ombi la kufuli husimbwa sawasawa na data. Kwa sababu hiyo peke yake sioni kwa nini ofisi inayotaka usimbaji iendelee na toleo la 3.

Ipo tiba moja ambayo ningependa iachwe kabisa. Pale statd inapokosekana, amri ya kuunganisha folda yenyewe humweleza fundi kwamba anaweza kutumia chaguo la nolock ili kufuli zibaki kwenye mashine yake. Akifanya hivyo hitilafu hutoweka, na ni kweli kwamba kufuli bado hutolewa, lakini hutolewa na kompyuta ya mtumiaji bila seva kuulizwa. Wahasibu wawili kwenye kompyuta mbili wanaweza kushika kufuli ya faili lilelile kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa ameahidiwa kwamba yuko peke yake, na wote wawili wakaandika. Hakuna ujumbe utakaotokea siku hiyo. Hasara huonekana wiki au miezi baadaye, hesabu zinapokataa kulingana. Folda isiyoandikwa na zaidi ya mashine moja inaweza kuvumilia nolock. Folda ya pamoja haiwezi.

Ofisi ikiisha kuhamia toleo la 4 na krb5p, hitilafu ya “No locks available” huadimika, na mahali pake huja hitilafu zinazotokana na Kerberos. Hapa ndipo penye kiini cha tathmini yangu. Katika mpangilio huu kuna vitambulisho viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja. Cha kwanza ni cha mashine, ambacho ufunguo wake hukaa kwenye faili la /etc/krb5.keytab (keytab kwa kifupi), na ndicho ambacho keneli hukitumia kuiambia seva kila baada ya muda kwamba mashine bado iko hai na muhula wake, yaani muda ambao seva inaihesabu kuwa hai, uendelezwe. Kwenye seva ya Linux muhula huo ni sekunde 90 usipobadilishwa. Cha pili ni tiketi ya mtumiaji, ambayo ndiyo hubeba maombi yake ya kufungua faili, kuandika na kushika kufuli. Tiketi hiyo ina mwisho. Kwenye Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji, mipangilio ya kawaida huipa saa 10, na kwenye Kerberos ya MIT saa 24. Mhasibu aliyeingia kazini saa mbili asubuhi na kubaki kufunga hesabu za mwezi, tiketi yake ya Active Directory huisha saa kumi na mbili jioni akiwa bado ameacha jedwali wazi. Tangu hapo kila anachojaribu kuandika hukataliwa, wakati mwingine kwa “Key has expired”, na mara nyingi kwa “Permission denied” isiyomweleza chochote.

Wenzake nao hukuta kufuli yake bado imeshikwa, na jambo hili huwashangaza mafundi wengi, kwani hutarajia kwamba tiketi ikifa na kufuli nayo imekufa. Sivyo. Seva huhesabu kufuli kuwa hai maadamu mashine inaendeleza muhula wake, na mashine huuendeleza kwa ufunguo wake wenyewe, usiohusiana na tiketi ya mtumiaji. Mtumiaji amekuwa kama mpangaji aliyepoteza ufunguo wa chumba huku kodi ikiendelea kulipwa: yeye haingii, na mwingine hapangishwi. Fundi asiyelijua hili huanzisha seva upya, akawakatizia kazi watumiaji wote ili kumtatulia mmoja, ilhali kilichohitajika ni mhasibu yule kuandika “kinit”, amri ya kuomba tiketi mpya, na nywila yake, au kufunga skrini na kuifungua tena kwenye mashine ambazo kufanya hivyo huleta tiketi mpya.

Itifaki imelishughulikia tatizo hili kwa kiasi, nami naihesabia sifa. Kuanzia toleo la 4.1, mashine yenye ufunguo wake inaweza kukubaliana na seva kwamba kazi za usafi, yaani kufunga faili na kuachia kufuli, zifanywe kwa kitambulisho cha mashine hata kama tiketi ya mtumiaji imekwisha. Programu ikifungwa, kufuli huachiwa badala ya kubaki ikining’inia. Ndiyo maana nahimiza 4.1 au 4.2 na si 4.0, na ndiyo maana kompyuta ya mtumiaji isiyo na keytab yake, jambo ninalolikuta mara kwa mara kwa sababu folda huweza kuunganishwa hata bila hiyo, ni mpangilio nusu. Kwa upande wa tiketi zenyewe, ziombwe zikiwa na ruhusa ya kurefushwa, na iwepo huduma ya kuzirefusha. Sssd, huduma ya Linux ya kuingiza watumiaji, inaweza kuifanya kazi hiyo. Kazi za usiku zinazojiendesha bila mtu zinastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa hazina mtu wa kuandika nywila. Kwa hizo, huduma ya gssproxy ikipewa keytab ya akaunti husika huleta tiketi yenyewe kila inapohitajika.

Chanzo kinachofuata kinahusu saa, na katika miji yetu kinahusu umeme pia. Kerberos, katika mipangilio yake ya kawaida, hukataa tofauti ya saa inayozidi dakika 5 kati ya pande mbili. Umeme unapokatika na seva ya zamani, yenye betri dhaifu ya saa kwenye ubao wake mama, ikaamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, hakuna tiketi itakayokubalika hadi saa irekebishwe. Hilo peke yake ni usumbufu wa kawaida, ila linapogongana na kufuli huwa zito zaidi. Seva ya NFS ikiamka haikumbuki kufuli zenyewe. Inachokumbuka, kwa kuandikwa kwenye diski, ni majina ya mashine zilizokuwa na kufuli. Kwa hiyo hufungua kipindi cha kurejesha, ambacho nacho kwa kawaida ni sekunde 90, na katika muda huo haimpi mtu yeyote kufuli mpya. Hupokea tu madai ya mashine zilizokuwa nazo. Mashine inayotumia krb5p haiwezi kudai chochote kabla haijatambulishwa upya kwa Kerberos. Saa ya seva ikiwa imepotoka, utambulisho hukataliwa, kipindi huisha, na kufuli hupotea ingawa mwenyewe alikuwapo muda wote akiidai. Kwenye kumbukumbu za keneli ya mtumiaji huandikwa “Lock reclaim failed!”, na programu iliyokuwa ikiandika hupata “Input/output error”.

Wapo wanaoiona hitilafu hiyo ya mwisho kuwa ubovu wa NFS. Mimi naiona kuwa uamuzi sahihi kabisa. Kufuli ikishapotea, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mtu mwingine hakuligusa faili katikati, na keneli huchagua kuisimamisha programu kuliko kuiruhusu iandike juu ya kazi ya mwingine. Lipo chaguo la recover_lost_locks linalobatilisha tahadhari hiyo, na maelezo rasmi ya keneli yenyewe yanaonya kwamba kuliwasha ni kuhatarisha data. Libaki limezimwa. Tiba ni kununua betri ya saa, kuweka chrony, programu ya kusawazisha saa kupitia mtandao, kwenye kila mashine, na kuhakikisha kwamba huduma ya NFS haianzi kabla saa haijasawazishwa. Aidha, watumiaji waelezwe mapema kwamba baada ya umeme kurudi programu zao zinaweza kusimama kwa dakika moja na nusu bila kujibu, kwa sababu fundi anayeitwa kwa haraka, akakuta kila kitu kimesimama na kuianzisha seva upya, huanzisha kipindi kingine kipya cha kurejesha.

Maabara za kompyuta, hasa za shule na vyuo ambako mashine zote zimenakiliwa kutoka diski moja, zina tatizo lao. Linux hujitambulisha kwa seva ya NFS kwa kitambulisho kinachotokana na jina la mashine, na mashine mbili zenye jina moja huonekana kuwa moja. Ya pili inapojitokeza, seva hudhani kwamba ya kwanza imezimwa na kuwashwa, hivyo hufuta kufuli zake zote. Ya kwanza hujitambulisha upya, na ya pili ikafutiwa zake. Matokeo yake ni kufuli zinazopotea bila mpangilio, hitilafu zinazotokea pale tu wanafunzi wawili fulani wanapokaa kwa wakati mmoja. Hapa usimbaji wa Kerberos kwa kweli husaidia, kwani mashine zenye keytab tofauti haziwezi kufutiana kimyakimya: seva huona kwamba anayedai kitambulisho si yule aliyekisajili, na hukataa. Lakini keytab nayo ikiwa imenakiliwa pamoja na diski, kinga hiyo haipo. Kila mashine ipewe jina lake, keytab yake, na ikibidi thamani yake ya nfs4_unique_id, mpangilio wa keneli unaotofautisha kitambulisho cha mashine.

Kwa waandishi wa programu kuna jambo dogo. Tangu keneli 2.6.12, ombi la flock (wito wa kufunga faili zima) kwenye NFS hugeuzwa kuwa kufuli ya fcntl (wito wa kufunga sehemu za faili) inayofunika faili zima, na kufuli ya kuandika ya aina hiyo hudai faili liwe limefunguliwa kwa kuandikwa. Programu iliyozoea kufungua faili kwa kusoma tu na kisha kuomba kufuli ya peke yake, ambayo kwenye diski ya ndani hufanya kazi bila shida, kwenye NFS hushindwa kwa “Bad file descriptor”. Programu ndiyo ya kurekebishwa.

Vifaa vya uchunguzi vimeboreka sana, na hili linanifurahisha kuliko jambo lingine lolote katika mfumo huu. Tangu keneli 5.3 ya mwaka 2019, seva ina folda ya /proc/fs/nfsd/clients, ambamo kila mashine iliyounganishwa ina sehemu yake, na faili la states ndani yake huorodhesha mafaili iliyoyafungua na kufuli ilizoshika. Swali la “nani ameshika kufuli hii?”, ambalo zamani lilijibiwa kwa kupita meza kwa meza, sasa hujibiwa kwa kusoma faili moja. Ikithibitika kwamba mashine imekufa kabisa, kuandika neno expire kwenye faili la ctl la mashine hiyo huondoa kufuli zake peke yake bila kumgusa mwingine. Kwenye kompyuta ya mtumiaji, lslocks huonyesha programu gani inashika nini. Ninachokosa bado ni ujumbe unaoeleweka: tiketi iliyokwisha, tiketi ambayo haikuwahi kuwepo na ruhusa iliyokataliwa kihalali zinaweza zote kumfikia mtumiaji kwa maneno yaleyale ya “Permission denied”, na tofauti huonekana tu kwenye kumbukumbu za rpc.gssd, huduma inayoshughulikia Kerberos kwa niaba ya NFS, ambazo mtumiaji wa kawaida hatazifikia kamwe.

Ni lazima kusema pia krb5p haifanyi nini. Husimba data njiani. Kwenye diski ya seva mafaili hukaa kama yalivyo. Anayetaka seva yenyewe isiweze kusoma hushawishika kuweka gocryptfs, programu inayosimba kila faili kwenye mashine ya mtumiaji, juu ya NFS, na kwa mtumiaji mmoja kwenye mashine moja huo ni mpangilio mzuri. Kwa folda inayoandikwa na wengi siupendekezi, na sababu inahusu kufuli moja kwa moja. Gocryptfs hugawa faili katika vipande vya baiti 4096, na kila kimoja husimbwa kuwa baiti 4128. Kubadilisha baiti moja ndani ya kipande ni kukisoma chote, kukifumbua, kukibadilisha na kukiandika chote upya. Sasa tuchukue programu mbili kwenye mashine mbili, moja imeshika kufuli ya baiti 0 hadi 99 na nyingine ya baiti 100 hadi 199. Kwa kanuni za kufuli hazigongani, na hata kama kila kufuli ingefika kwenye seva bila kasoro zote zingeruhusiwa. Lakini zote mbili ziko ndani ya kipande kimoja, na atakayeandika mwisho hufuta alichoandika mwenzake. Wenye programu wameweka chaguo la -sharedstorage kupunguza matatizo ya hifadhi ya pamoja, nao wenyewe wanaonya kwamba hata likiwashwa matatizo yanaweza kujitokeza. Diski ya seva isimbwe kwa LUKS, usimbaji wa diski nzima wa Linux, chini ya mfumo wa mafaili, ambako kufuli haziguswi kabisa. Kinga hiyo ni dhidi ya mwizi wa diski, si dhidi ya msimamizi wa seva, na ofisi nyingi zinahitaji hiyo ya kwanza.

Sshfs, inayounganisha folda ya mbali kupitia SSH, nayo hutajwa mara kwa mara kwa sababu ni rahisi na husimba kila kitu. Itifaki ya SFTP toleo la 3 inayoitumia haina kufuli, kwa hiyo kufuli zote hubaki kwenye mashine ya mtumiaji, kukiwa na hatari ileile ya nolock niliyoieleza juu, ila hapa hakuna hata chaguo la kuizima. Inafaa kwa mtu mmoja.

Mbadala wa kweli umekuja hivi karibuni. RFC 9289, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2022, iliweka TLS, usimbaji uleule wa tovuti za https, chini ya NFS, na keneli 6.5 ya mwaka 2023 tayari ina upande wa seva na wa mtumiaji pia; folda huunganishwa kwa chaguo la xprtsec=tls, huku huduma ya tlshd ikifanya mapatano ya vyeti. Kufuli hupita ndani ya muunganisho huo uliosimbwa bila tiketi ya mtumiaji kuhusika, kwa hiyo mhasibu wa saa kumi na mbili jioni haondolewi kazini na tiketi iliyokwisha. Gharama yake ni kwamba seva humwamini kila mtumiaji kwa namba ambayo mashine yake inaitaja, na aliye na mamlaka kamili juu ya mashine anaweza kutaja namba ya mwingine. Kwa ofisi ndogo ambayo mashine zake zote zinasimamiwa na fundi mmoja ningechagua TLS leo. Kwa maabara ya chuo, ambako mwanafunzi anaweza kuiwasha kompyuta kutoka diski yake ya mkononi, ningebaki na krb5p, pamoja na keytab kwa kila mashine na chrony iliyosimamiwa vizuri.